Aliyeachwa Naye Ameacha

Kila mwaka, tunapofikia somo la methali, huwaandikia wanafunzi wangu ubaoni ile isemayo: Usiache mbachao kwa msala upitao. Sisi tunaofundisha Kiswahili mbali na pwani hatuna budi kuanza na msamiati. Mbacha ni mkeka mkuukuu, uliochakaa na kuchanika pembeni. Msala ni mkeka mzuri wa kusalia. Mwenye msala anapita nao njiani, wewe unautamani, unautupa mkeka wako wa zamani. Kisha mwenye msala anakwenda zake na mali yake, nawe unabaki kulala juu ya vumbi. Wanafunzi hucheka, huandika maana katika madaftari yao, nasi huendelea na methali inayofuata. Kwa miaka mingi niliiona methali hiyo kuwa nyepesi. Aliyetupa mbacha wake amepata hasara, hasara ni yake mwenyewe, na somo limekwisha.

Hivi karibuni nimesoma kitabu kimoja cha katuni ambacho kimenilazimisha kuirudia methali hiyo kwa makini zaidi. Nimetambua kwamba inatuonya juu ya hasara ya mwenye mkeka tu, wala haisemi neno juu ya mkeka wenyewe. Na kwa kweli mkeka ukitupwa hauumii. Lakini katika maisha yetu mbacha ni mtu: ni rafiki wa siku nyingi, aliyetuzoea na tuliyemzoea hata hatumwoni tena. Hapo ndipo swali la makala haya linapozuka. Mtu anayeteswa na mapenzi, akiwasahau rafiki zake kwa sababu ya mateso hayo, je, ana kosa? Au maumivu yake yanatosha kuwa udhuru?

Kitabu chenyewe kinaitwa Laura Dean Keeps Breaking Up with Me. Kiliandikwa na Mariko Tamaki, mwandishi wa Kanada, kikachorwa na Rosemary Valero-O'Connell, na kutolewa nchini Marekani mwaka 2019. Asije mtu akadhani kwamba katuni ni mambo ya kuchekesha watoto tu. Mwaka 2020 kitabu hiki kilipata tuzo tatu za Eisner, ambazo ni miongoni mwa tuzo zinazoheshimiwa sana katika fani ya katuni huko Marekani: tuzo ya kitabu bora cha vijana, ya mwandishi bora, na ya mchoraji bora. Picha zake ni za rangi nyeusi, nyeupe na kijivu, na rangi ya waridi imetiwa hapa na pale.

Hadithi inatokea Berkeley, katika jimbo la California. Freddy Riley ni msichana wa miaka 17. Anampenda Laura Dean, ambaye ni mzuri wa sura, anajulikana na kila mtu shuleni, na amezoea kupata anachokitaka. Kitabu kinapoanza, siku ya Valentino, Freddy anamkuta Laura dansini akimbusu mtu mwingine, na kwa mara nyingine tena anaachwa. Baada ya siku chache Laura anarudi kana kwamba hakuna lililotokea, naye Freddy anampokea. Mambo huenda hivyo kurasa nyingi: Laura anaita, Freddy anakwenda, Laura anatoweka, Freddy anangoja. Katika dhiki yake Freddy anamwandikia mshauri wa gazeti, mfano wa yule shangazi tunayemfahamu katika magazeti yetu, akimwuliza afanye nini na mtu asiyeisha kumwacha.

Msomaji ameshatambua kwamba Freddy na Laura wote ni wasichana. Najua kuwa katika nchi zetu jambo hili huzua mabishano makali, na katika baadhi ya nchi hizo sheria huliadhibu. Berkeley ya kitabu hiki ni mahali pengine: ndoa za watu wa jinsia moja zinatambuliwa na sheria kote Marekani tangu mwaka 2015, na waandishi hawalifanyi jambo hilo kuwa kesi ya kusikilizwa. Tena, miongoni mwa rafiki za Freddy wamo Buddy na Eric, wavulana wawili wanaopendana na kutunzana vizuri. Kwa hiyo, ubaya tunaouona baina ya Laura na Freddy hautokani na wao kuwa wasichana. Unatokana na namna mmoja anavyomtumia mwenziwe. Mwalimu mmoja niliyemwazima kitabu alinirudishia baada ya kurasa kumi, akisema kwamba mambo hayo hayamhusu. Nilimwuliza kama hajawahi kungoja simu ya mtu asiyepiga. Alinyamaza kidogo, kisha akakichukua tena.

Sasa tuje kwenye swali letu, na njia ya kulifikia ni sarufi. Sisi walimu twajua kwamba kitenzi acha ni mti wenye matawi mengi. Tunawafundisha wanafunzi acha, achwa, achana, achia, achisha, kama tunavyowafundisha oa, olewa, oana, oza. Nilipojaribu kulifasiri jina la kitabu hiki niliona kwamba Kiswahili kinalibeba bila taabu: Laura Dean Haishi Kuniacha. Laura ndiye mtendaji, na Freddy ndiye mtendwa. Hawaachani, maana kuachana ni kwa wawili, na Freddy hajaulizwa hata mara moja. Jina lote ni malalamiko ya mtendwa, na malalamiko hayo ni ya haki.

Lakini kadiri nilivyoendelea kusoma, niliona sentensi nyingine ikijiandika chini ya ile ya kwanza, sentensi ambayo Freddy haitamki kwa sababu haijui. Rafiki yake mkubwa ni msichana aitwaye Doodle. Doodle ana jambo zito: amepata mimba asiyoitarajia, na anahitaji mtu wa kukaa naye. Yeye hana desturi ya kupiga kelele. Anasogea karibu, anangoja nafasi ya kusema, na nafasi hiyo haipatikani, kwa kuwa hata Freddy anapokuwa amekaa naye, moyo wake uko kwa Laura. Hapo katuni hufanya jambo ambalo riwaya ya maneno matupu hulifanya kwa shida. Freddy ndiye msimulizi, lakini macho yetu hayafungwi na macho yake. Tunaweza kumwona Doodle pembeni mwa picha, uso wake umebadilika, kabla Freddy hajageuka kumtazama. Basi sentensi ya pili ni hii: Freddy haishi kumwacha Doodle. Aliyeachwa naye ameacha.

Pana jambo jingine katika kitabu ambalo halikunitoka akilini. Freddy ana ustadi wa kushona. Huchukua wanasesere wa wanyama, akawashona upya kwa kuunganisha vipande vya huyu na vya yule. Mikono yake imezoea kurekebisha vilivyochanika. Hata hivyo urafiki wake na Doodle ulikuwa ukichanika mbele yake, naye hakuona.

Watu wawili watanipinga hapa, na yafaa tuwasikilize. Wa kwanza atasema: moyo hauamriwi. Kipenda roho hula nyama mbichi. Atauliza tunawezaje kumlaumu kijana kwa kupenda, wakati hata watu wazima wenye mvi hushindwa. Wa pili atasema jambo zito zaidi: Freddy ni mwenye kuonewa. Mtu anayemtendea kama Laura humla nguvu, usingizi na fikra, hata asibakiwe na kitu cha kuwapa wengine. Kumwongezea lawama mtu wa namna hiyo ni kumpiga aliyekwisha anguka.

Wa kwanza ninamjibu kwa kifupi. Ni kweli kwamba hatuchagui tunachokitamani. Lakini methali yenyewe inasema hula, na kula ni kitendo. Freddy hakuchagua kumpenda Laura, lakini kila alipoinuka kumwacha rafiki yake ili aende alikoitwa, aliinuka kwa miguu yake mwenyewe.

Wa pili anastahili jibu refu. Nadhani inatupasa tutofautishe lawama na deni. Mtu akiibiwa fedha njiani, akashindwa kumlipa aliyemkopesha, hatumwiti mwizi wala mdanganyifu. Tunamwonea huruma. Lakini deni lake halifi kwa sababu ya huruma yetu. Mwizi hakulilipa, na aliyemkopesha bado ana njaa nyumbani kwake. Ndivyo ilivyo kwa anayeteswa na mapenzi. Maumivu yake yanaweza kumpunguzia lawama, pengine hata kumwondolea, lakini hayamlipii deni. Doodle alimhitaji rafiki katika siku zile, na rafiki hakuwapo. Ukweli huo haubadiliki kwa kuwa Freddy naye alikuwa akilia mahali pengine. Tena tukisema kweli yote, si kila shilingi iliibwa. Nyingine tuliitoa wenyewe, tukitumaini kwamba safari hii itarudi na faida.

Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki aliyeishi katika karne ya 4 kabla ya Kristo, aliandika juu ya maadili katika kazi yenye vitabu 10, na viwili kati ya hivyo alivitenga kwa ajili ya urafiki. Alisema uko urafiki wa manufaa, uko wa raha, na uko ule wa watu wema wanaotakiana mema kwa nafsi zao. Huu wa mwisho huhitaji muda, naye akataja msemo wa watu wake kwamba watu hawajuani mpaka wamekula chumvi pamoja. Kwetu aliyekula chumvi nyingi ni mtu wa miaka mingi, kwa hiyo msomaji wa Kiswahili ataufahamu msemo huo mara moja. Aristotle aliona pia kwamba umbali hauvunji urafiki moja kwa moja ila huzuia matendo yake. Lakini ukizidi, urafiki wenyewe husahauliwa. Kauli hiyo inamhusu Freddy kabisa. Angeulizwa, angejibu kwamba anampenda Doodle, na angekuwa mkweli. Lakini upendo usiokaa chini na kuuliza, Una nini leo?, ni kama chumvi iliyobaki katika kopo. Ipo, ila chakula hakina ladha.

Nisijifanye hakimu wa msichana wa miaka 17, kwa maana kesi hii naijua kutoka upande wa mshtakiwa. Nilipokuwa chuo cha ualimu, zaidi ya miaka 20 iliyopita, nilikaa chumba kimoja na rafiki ambaye tulishirikiana naye kila kitu: pasi ya mkaa, ndoo ya kuogea, na madaftari ya saikolojia ya elimu ambayo hakuna kati yetu aliyeyaelewa vizuri. Wakati huohuo nilikuwa nimependa mtu ambaye alikuja alipotaka na kuondoka alipotaka. Sitasema mengi juu yake. Itoshe kusema kwamba niliishi kwa kusikiliza hatua za watu nje ya mlango.

Siku moja ya Alhamisi rafiki yangu aliletewa habari kwamba mama yake amefariki. Basi la kwenda kwao lilikuwa likiondoka Ijumaa jioni, na nilimwahidi kwamba tutasafiri pamoja. Ijumaa mchana yule niliyempenda akaniletea salamu kwamba atafika Jumamosi, tuzungumze, tuyamalize. Nilimwambia rafiki yangu kwamba nina homa. Alisafiri peke yake. Jumamosi nilingoja mpaka taa za bweni zikazimwa, na mtu hakuja.

Rafiki yangu alirudi baada ya juma moja. Hakuniuliza kitu. Aliniambia, Pole na homa, akatandika kitanda chake. Tuliendelea kusalimiana mpaka tulipohitimu, kila mmoja akaenda wilaya yake. Mapenzi yale yalikwisha kwa aibu, kama ilivyotazamiwa na kila mtu isipokuwa mimi. Miaka mingi baadaye nilimtafuta rafiki yangu, nikamweleza kweli yote na kumwomba msamaha. Alinisikiliza kwa upole. Kisha akasema: Nilijua kwamba hukuwa na homa, na nilijua kwamba unaumia. Nilikusamehe zamani. Lakini siku ile kaburini nilikuwa peke yangu.

Sikuwa na la kujibu, na mpaka leo sina. Lawama alikuwa ameiondoa mwenyewe. Deni lilibaki pale pale, na mama huzikwa mara moja.

Pengine mtu atauliza: kwa nini mbacha nao usiseme? Kwa nini Doodle asimshike Freddy bega na kumwambia kwamba anaachwa? Swali ni la haki kwa kiasi fulani. Mkeka hauna kinywa lakini rafiki anacho, na rafiki anayenyamaza siku zote humfanya mwenziwe aendelee kupotea. Hata hivyo, tusiharakishe kumtwika mzigo huo aliyekwisha elemewa. Mwenye dhiki kuombwa apige kelele ili aonekane na rafiki yake mwenyewe ni jambo la kusikitisha. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, twasema. Hatusemi kwamba ni yule anayetufaa baada ya kuandikiwa barua ya kumkumbusha.

Ama kuhusu ushauri, kitabu kinafundisha jambo ambalo sisi walimu twapenda kulisahau. Mapema katika hadithi Freddy anakwenda kwa mwanamke mmoja mwenye kupiga ramli, naye anamwambia wazi: mwache. Jibu sahihi lilitolewa, na halikumsaidia kitu. Nami chuoni niliambiwa neno hilo hilo na watu wengi, na kila aliyeniambia nilimwona kuwa adui wa furaha yangu. Kwa maoni yangu, kilichomfungua Freddy hatimaye si hoja juu ya Laura. Ni kumwona Doodle. Alipogeuza uso akaona dhiki ya mwenziwe, na kuona kwamba yeye mwenyewe amekuwa kwa Doodle vile Laura alivyokuwa kwake, kamba ilianza kulegea. Mtu anayeonewa aghalabu hawezi kutoka kwa kulitazama jeraha lake tu. Huanza kutoka anapokumbuka kwamba kuna mtu mwingine anayemhitaji.

Nasi tunaokaa na vijana kila siku tungefaa kuyashika haya. Tunapomwona mwanafunzi aliyezama katika mapenzi yanayomdhuru, mazoea yetu ni kumhubiria juu ya yule anayempenda. Tumwulize pia habari za rafiki yake. Yule mliyekuwa mkikaa dawati moja, yu hali gani? Mara ya mwisho ulizungumza naye lini, nawe ukasikiliza? Swali hilo halimtukani mtu wala halimvunji moyo. Linamkumbusha kwamba bado ana kitu cha kutoa, na kwamba yuko mtu anayekingoja.

Mwishoni mwa kitabu Freddy anamwacha Laura. Baada ya kurasa nyingi za kuachwa, kitenzi kinapata mtendaji mwingine. Kiswahili kinatupa maana zaidi ya moja katika neno hilo. Twasema mtu ameacha pombe, ameacha uvivu, ameacha uongo. Nadhani Freddy aliacha kwa maana hiyo pia, na hilo ni gumu zaidi, kwa sababu anayemwacha mtu huondoka mara moja, lakini anayeacha tabia huiacha kila siku. Kumrudia Doodle si kurudi mahali palepale. Siku ambazo hakuwapo zimepita bila yeye, na itampasa kuishi pamoja na rafiki anayezikumbuka.

Mwaka huu niliifundisha tena methali ya mbacha na msala. Baada ya msamiati niliongeza swali moja la kujibiwa kwa maandishi: Kama mbacha ungekuwa na kinywa, ungemwambia nini mwenyewe anaporudi? Wengi waliandika kwamba ungemkaribisha, kwa kuwa walijua hilo ndilo jibu ambalo mwalimu hulipenda. Msichana mmoja wa dawati la nyuma aliandika kwamba mbacha ungemwuliza: Umerudi kwa ajili yangu, au kwa sababu usiku umeingia?

Nilimpa alama zote. Daftari lake nilikaa nalo mezani muda mrefu kabla ya kulirudisha.